Kabla ya risasi: kusoma upya picha za Tshibumba

Mwezi wa sita ukikaribia, telefone zetu zinajaa picha zile zile. Lumumba na miwani yake. Lumumba mikono imefungwa kamba. Lumumba mbele ya mfalme Baudouin, karatasi mkononi. Watu wanaandika "shujaa", wanapitisha kwa wengine, tarehe 30 inapita, kesho yake tunarudilia kutafuta kazi. Sina neno na picha ya Lumumba. Lakini uliza mwanafunzi yeyote wa hapa Likasi: uhuru ulikuja namna gani? Atakupa jina moja na tarehe mbili. Muulize tena: watu walijipanga namna gani? Nani alikuwa anaita mkutano? Franka za mchango zilikuwa zinawekwa wapi? Habari ilikuwa inatoka Panda mpaka Shituru kwa njia gani, wakati kapita anasikiliza na padri naye anasikiliza? Hapo kimya.

Kimya kile hakikuanguka toka mbinguni. Kuna watu waliotufundisha kuona historia yetu vile, na mmoja wao, naona ni mkubwa kuliko wote, hakuwa profesa. Alikuwa mchoraji: Tshibumba Kanda Matulu. Leo nataka tumsome kama tunavyosoma kitabu, na tumpime kama kitabu kinavyopimwa. Kumsifu tu ni rahisi, kila mtu anamsifu.

Kwa wale ambao hawamjui: Tshibumba alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, wazazi wake wakiwa watu wa Kasai. Alichora ili auze, mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na wanunuzi wake walikuwa watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika mu salon. Yeye mwenyewe alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 akakutana na Johannes Fabian, mwalimu wa anthropolojia ambaye wakati ule alikuwa anafundisha ku université ya Lubumbashi. Kati ya 1973 na 1974 akamchorea historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100: wafalme wa zamani, kufika kwa wazungu, Msiri, Kimbangu, Union Minière, uhuru, secession, Mobutu, na ku mwisho hata mambo ya kesho vile alivyoyawaza. Kwa kila picha alikaa akaeleza, kwa Kiswahili. Si kile cha Biblia, wala cha redio ya Dar es Salaam. Kile chetu. Fabian akarekodi sauti, na mwaka 1996 akatoa kitabu, Remembering the Present. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Basi, tuko na mtu wa huku aliyeeleza miaka mia moja ya nchi kwa lugha ya huku, na ili umuone lazima upate visa ya Uholanzi. Hiyo ni hadithi nyingine, siiingii leo. Maneno yake ya Kiswahili lakini yanapatikana ku intaneti, yamechapwa vile alivyosema, na mtu yeyote mwenye megas kidogo anaweza kuyasoma. Nawaomba myasome, juu yanapendeza kuliko syllabus nyingi tulizolipia.

Sasa tuingie mu picha.

Picha ambayo watu wengi walikuwa nayo ku nyumba mu Katanga ya miaka ya 1970 inaitwa Colonie Belge. Tshibumba aliichora mara nyingi, wachoraji wengine vilevile. Kuna nyumba ya serikali na bendera ya Ubelgiji. Muzungu amesimama, anaangalia. Mfungwa amelazwa chini, askari mweusi ameinua fimbo. Wafungwa wengine wanabeba mizigo. Mara nyingine kuna mama pembeni, ameletea bwana yake chakula. Ni picha yenye nguvu kabisa, na nguvu yake inatoka ku jambo moja: muzungu hagusi kitu. Kazi yote inafanywa na mweusi mwenzako. Tshibumba alielewa ukoloni kuliko watu wengi walioandika thèse juu yake.

Lakini angalia tena. Nani mu picha ile anaongea na mwenzake? Hakuna. Wafungwa wako kwenye mstari, kila mtu na mzigo wake. Mama analia peke yake. Picha inatufundisha mateso, na mateso peke yake hayajawahi kuleta uhuru mahali popote. Watu wanateseka miaka 50 na hakuna kitu kinatokea. Kisha siku moja wanakaa chini kwa pamoja. Kitu gani kilitokea kati? Mie natafuta kile cha kati.

Chukua picha ya wafanyakazi wa Union Minière waliouawa mwaka 1941. Kwa sisi watu wa Likasi ile si historia ya Lubumbashi peke yake. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili mgomo ulishika huku pia, Jadotville, ku Shituru na Panda, mbele ya mambo kufikia kilele Élisabethville tarehe 9 Desemba. Siku ile wafanyakazi walikusanyika ku uwanja wa mpira. Léonard Mpoyo njo alikuwa anaongea kwa jina lao. Guverneri Amour Maron akafika, akawaambia waondoke, wakakataa, askari wakapiga. Mpoyo alikufa pale, na wengi wanaeleza kwamba Maron mwenyewe ndiye aliyempiga risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa makumi ya wafu. Hesabu ya watu wa kambi inapita mia.

Tshibumba anatupa nini? Askari, bunduki, miili. Alikuwa hajazaliwa bado, alichora vile alivyopokea toka kwa wakubwa, na wakubwa walikumbuka damu. Naelewa. Ila ukitulia mbele ya picha ile, jambo la ajabu hulioni: watu wale walifikaje pale wote pamoja? Wafanyakazi wa Union Minière walitoka Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda, Burundi. Kampuni iliwaweka mu kambi, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kupenda wakae miaka mitatu na bibi zao, badala ya kuleta watu wapya kila miezi. Chef de camp alijua nani analala wapi. Posho ilitolewa na kampuni. Mtoto alisoma ku shule ya kampuni. Sendika ya weusi ilikuwa imekatazwa. Na mu hali ile, kwa siku chache tu, Jadotville, Kipushi na Élisabethville zikasimama.

Haiwezekani kufanya vile bila mpango. Kuna vipande tunavyovijua. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière walikuwa wameanza kujipanga na kudai mwaka ule ule, na wale waliokuwa wanafanya nao kazi mu usine waliona kwamba kampuni inaweza kutikiswa. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya vitu ku magasin, wakati makabwela wanaambiwa watoe shaba zaidi kwa ajili ya Allies. Ba clerc kama Mpoyo walijua kusoma na kuandika, wakaweza kusikia mazungumzo ya office na kuyapeleka kambini. Na tukumbuke kitu ambacho kampuni haikukiwaza: ilipowaweka watu wakae na familia miaka mingi mahali pamoja, ndiyo ilizaa watu wanaojuana. Mtu wa miezi sita anavumilia, anarudi kwao. Mtu mwenye watoto mu kambi hana pa kurudi, lazima adai papo hapo. Kumbe kampuni ilijenga kambi ili itulize watu, na kambi ikawa shule ya mgomo.

Hiyo njo picha ninayoitafuta kwa Tshibumba na siipati.

Mtu atasema: mkutano wa siri unauchora namna gani? Swali zuri. Lakini Tshibumba alijua kuchora vitu visivyoonekana. Tazama picha yake ya Simba Bulaya, simba wa Ulaya, ile hadithi ya batumbula waliokuwa wanakamata watu usiku, wanawanenepesha, wanawapeleka kwa wazungu wakaliwe. Wasomi wanacheka hadithi ile. Mie sicheki. Mu nchi ambako gazeti ni la wazungu na redio ni ya wazungu, uvumi ndiyo gazeti la kambi. Uvumi wa batumbula ulikuwa unasema wazi kitu ambacho hakuna mtu angesema mbele ya chef de camp: watu hawa wanatula. Tena ulikuwa unafundisha namna ya kufanya: usitembee peke yako usiku, mjulishe jirani yako, asiyerudi nyumbani aulizwe. Ukiitazama vile, Simba Bulaya ni picha inayokaribia kabisa siasa ya kila siku kati ya picha zake zote. Nayo watu wanaiweka mu fungu la mambo ya uchawi.

Kijiji ndiko ambako Tshibumba, mtoto wa mjini, hasimami sana, na hapo naomba niongee kidogo kwa sababu ya kazi niliyosomea. Niko na licence ya agronomie. Mu vijiji vingi neno "agronome" kwa wazee halina utamu. Tangu ordonnance ya mwaka 1917, mwanakijiji alilazimishwa kulima vile serikali inavyotaka, siku 60 kwa mwaka: pamba kule Lomami na Kongolo, mihogo na mahindi kwa kulisha makambi. Agronome alipita na moniteur wake, akapima shamba kwa kamba, na yule ambaye shamba lake halijafika kipimo alijua faini, gereza ama fimbo. Mwaka 1942, wakati damu ya Élisabethville haijakauka, siku zile zikapandishwa mpaka 120 kwa jina la effort de guerre. Siku 120! Mwenye kulima anajua maana yake: mvua haingojei. Ukitoa siku zile mu msimu, shamba lako mwenyewe limekufa.

Basi watu walifanya nini? Walichemsha mbegu za pamba mbele ya kuzipanda, hazikuota, wakasema udongo ni mbaya. Mambo ya namna ile yanasimuliwa sehemu nyingi za Afrika ya kati na mashariki kulikolimwa pamba kwa nguvu. Wengine walihama usiku, kijiji kizima, karibu na mpaka. Wengine waliingia Kitawala, dini iliyotoka Rhodesia na mafundisho ya Watch Tower, ikafika mu makambi ya shaba huku kwetu, ikasambaa mpaka Kivu, ikisema serikali ya wazungu itaanguka. Mwaka 1944 Kitawala ilisimamisha watu kule Masisi na Lubutu. Mwaka ule ule, mwezi wa pili, askari wa Force Publique waliasi Luluabourg. Mwaka 1945 wafanyakazi wa bandari ya Matadi wakagoma. Angalia mfululizo: mgodi, kijiji, kambi ya askari, bandari. Hakuna Lumumba hapo bado. Wakati ule alikuwa kijana wa posta kule Stanleyville. Hakuna chama, hakuna bendera. Lakini serikali ilielewa ujumbe, na mwaka 1946 ikakubali sendika za weusi, chini ya ulinzi mkali.

Tunafika ku picha ambayo naona njo kiini cha shida. Tshibumba alichora moja inayoitwa Discours du 4 janvier 1959, les martyrs de l'indépendance. Msemaji wake ni Lumumba. Sasa, tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville, mkutano uliokatazwa ulikuwa wa ABAKO, chama cha Kasa-Vubu. Lumumba alikuwa amekwisha kufanya mkutano wake siku chache nyuma, tarehe 28 Desemba, aliporudi toka Accra. Na siku ile ya Jumapili, watu waliokuja kwa ABAKO walikutana na maelfu waliokuwa wanatoka ku mpira wa Vita Club, mioyo imechomeka juu ya kushindwa, na mji ukalipuka. Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari, Ubelgiji kwa mara ya kwanza ikatamka neno uhuru.

Wengine wanasema: Tshibumba amekosea tarehe, basi. Apana. Mtu aliyechora picha zaidi ya mia hakosei kwa uvivu. Yeye anachukua tukio la watu wengi na kuliweka mu mdomo wa mtu mmoja, na anafanya vile mahali pengi. Mu picha ya 30 Juni 1960 anaandika "Zaïre indépendant", wakati jina Zaïre lilikuja mwaka 1971. Anachora Lumumba, Mpolo na Okito chini ya misalaba mitatu na kuita picha Calvaire d'Afrique. Historia yake inafanana na Injili: kuna mateso, kuna mkombozi, kuna Yuda, kuna Golgota. Na mu Injili umati kazi yake ni mbili tu, kushangilia na kuponda.

Umati wa Tshibumba ni vichwa. Chukua muda uviangalie: vichwa vidogo vidogo vyeusi, vimepangwa kama mahindi ku shamba la mkoloni.

Mnisikilize vizuri lakini. Sisemi Tshibumba ni mchoraji mbaya ama mjinga wa historia. Alichora chini ya Mobutu, wakati wa authenticité, na Mobutu mwenyewe alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966. Lumumba alikuwa mlango ambao mtu angeweza kupitia ili aseme mambo mengi bila kukamatwa. Ila naona kuna sababu nyingine, ya karibu zaidi, na ni ya hapa hapa Katanga.

Turudi Jadotville, Desemba 1957. Wengi wetu hatujui kwamba mji huu ni mmoja kati ya miji mitatu tu ya Congo nzima, pamoja na Léopoldville na Élisabethville, ambako weusi walipiga kura kwa mara ya kwanza. Kura ya commune. Wanaume peke yao. Mama aliyepanga foleni ya posho miaka yote ile hakuwa na haki ya kupanga foleni ya kura. Vyama vya siasa vilikuwa havijaruhusiwa kweli. Basi watu walijipanga kwa kutumia kile walichokuwa nacho, na kile kilikuwa mutuelle ya kabila: shirika la kuzika wafu, kusaidia mgonjwa, kupokea ndugu anayeshuka ku train. Serikali iliruhusu mashirika yale juu iliyaona hayana hatari. Yalikuwa na kiongozi, na mweka sanduku, na karatasi ya majina, na siku ya mkutano. Siku mlango wa siasa ulipofunguliwa, nani alikuwa tayari? Wao.

Matokeo tunayajua. Élisabethville, ma-bourgmestre wa commune za weusi wakawa watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao wa Kasai. Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat ya Munongo na Tshombe, ikisema Katanga ni ya wenyeji. Watu wa Kasai walikuwa na Fedeka, Wachokwe na Atcar, na Jason Sendwe akaitoa Balubakat mu Conakat mwaka 1959. Wazungu wa Katanga na kampuni wakaona nafasi yao, wakasukuma Conakat. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, secession.

Kwa hiyo huku kwetu nguvu ile ile iliyowafanya watu wasimame dhidi ya mkoloni njo iliyowagawanya. Haikuwa nguvu mbili, moja nzuri ya uhuru na moja mbaya ya ukabila. Ilikuwa sanduku moja la mchango, daftari moja la majina. Shirika lililomzika baba yako njo lililokupa burgumestre, njo lililokufundisha kwamba jirani yako wa parcelle ya pili ni mgeni. Mie naona jambo hili njo gumu kuliko yote mu historia ya mji wetu, na hakuna filamu wala monument inayolisema.

Filamu tuko nayo moja yenye jina letu: The Siege of Jadotville, ya mwaka 2016. Askari wa Ireland wa ONU wanazungukwa Septemba 1961, wanapigana kwa ushujaa siku kadhaa, wanakosa risasi na maji, wanajitoa. Mambo yale yalitokea kweli. Ila walipiga filamu Afrika Kusini, na mu saa karibu mbili mtu wa Jadotville hana neno la kusema. Mji wetu ni vumbi linalorushwa na risasi za wengine. Angalau Tshibumba alituweka vichwa.

Sasa rudi kwa Tshibumba ukijua haya. Mtoto wa watu wa Kasai, amezaliwa Élisabethville, ana umri wa miaka 10 wakati wa kura ile, 13 wakati wa secession. Akichora mkutano wa mutuelle, atachora ya nani? Akichora watu wanaojipanga, mtazamaji wa Katanga atauliza mara moja: hawa ni wenyeji ama wageni? Lumumba alimtoa mu mtego ule. Mu picha zake Lumumba hana kabila, hana shirika, hana mweka sanduku. Ana nchi. Naamini Tshibumba alifuta mkutano kwa makusudi, juu mkutano ulikuwa kidonda. Alitaka taifa, akalipata kwa kumweka mtu mmoja juu ya wote. Kama mchoraji alishinda. Kama mwanahistoria, vile alivyojiita, aliruka ukurasa.

Na ukurasa ule ulirudi. Mwaka 1992, wakati wengi wetu hatujazaliwa, hapa Likasi watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao, wakalala ku gare majuma na majuma wakingojea train. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, kama Tshibumba alivyozaliwa Élisabethville. Maneno yaliyotumika mwaka ule, wenyeji na wageni, yalikuwa yale yale ya 1958. Na leo, fungua group yoyote ya WhatsApp ya mji huu siku kuna habari ya train kufika imejaa watu toka Kasai, utayasoma tena, na walioandika wengine wako na diplôme kama sisi. Picha ya Lumumba ku profil, maneno ya 1958 chini yake.

Kuna maandishi mengine ya Kiswahili cha huku yanayofaa kuwekwa karibu na Tshibumba: Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa jina la ba boyi wa zamani, wale waliopikia wazungu na kufua nguo zao. Ni karatasi chache, zimepigwa kwa mashini, makosa mengi, mpangilio hakuna. Mtu wa université angeirudisha kwa mwandishi na kalamu nyekundu. Lakini ndani yake kuna kitu ambacho Tshibumba hana: watu wenye kazi. Nani alimtumikia nani, muzungu fulani watu walimpa jina gani, mji ulijengwa na mikono ya nani. Boyi anayesimama nyuma ya meza anasikia yote. Kwa miaka 50 wazungu waliongea siasa yao mbele yake kana kwamba ni kiti. Ukitaka kujua habari ilikuwa inapita kwa njia gani kutoka nyumba ya directeur mpaka cité, anza kwa Yav. Yeye hana mashujaa karibu kabisa, na ndiyo sababu hakuna mtu anayemtundika mu salon.

Ningependa mchoraji wa leo, na huku tuko nao, achukue rangi ya Tshibumba na sikio la Yav. Achore chumba kimoja cha Panda, 1957. Taa ya petroli. Daftari juu ya meza, majina na franka. Mwanaume mmoja anasoma, juu yeye peke yake anajua kusoma, wengine wanasikiliza. Mama ku mlango anaangalia kama kapita anapita. Na ku daftari, majina ya nani yako, na ya nani hayako. Hapo kwenye orodha ya majina njo ningetaka atumie saa zake nyingi.

Lumumba mwenyewe alipita hapa, wengi hamjui. Januari 1960, baada ya kuhukumiwa Stanleyville miezi sita, walimleta Katanga, wakamfunga Jadotville. Siku chache tu. Wajumbe wa Congo waliokuwa Bruxelles ku Table Ronde wakasema bila yeye hawaendelei, na tarehe 25 akatolewa. Fikiri kidogo juu ya wale wajumbe. Kasa-Vubu alikuwa mshindani wake, Tshombe hakumpenda. Walikuwa wanagombana wao kwa wao, na bado kwa juma moja walisimama front moja, wakamtoa mtu mu gereza letu kutoka mbali vile. Wangemuacha, Ubelgiji ingefurahi. Juma lile pia halijachorwa.

Kama kwenu kungali livret ya kazi ya tate, kadi ya Conakat ama ya Balubakat, daftari la mutuelle, ama hata reçu ya mchango, piga picha na uitume kwa comité ya association. Funika majina kama familia haitaki yaonekane. Za Fedeka vilevile.